Yadi Mia Moja Tisini na Sita

Mtaa wa Mkunguni,
Kariakoo, Dar es Salaam.
9 Aprili, 1983

Mpendwa Nayna,

Natumaini treni haikuwachosha na mama yako mdogo amejifungua salama. Ningependa kuendelea na salamu hadi chini ya ukurasa, kwa sababu nikizimaliza itanibidi nikwambie.

Baba yako amechukuliwa. Ni juzi Alhamisi, saa nne asubuhi. Hakupigwa, nilikuwepo nikaona. Alifunga kamba za viatu taratibu kama mtu anayekwenda harusini, akanikabidhi funguo za duka, akasema, "Mpe Ba. Mwambie mchana nitakula nyumbani." Kile chakula bibi yako alikifunika na sahani mpaka jana kikachacha.

Walikuja wakaguzi watano. Siku hizi kila nyumba inakaguliwa kutafuta bidhaa zilizofichwa, hilo unalijua, na kwa jirani waliuliza sukari na sabuni. Kwenu hawakuuliza sukari. Dukani hawakukaa hata dakika kumi. Walitazama vifungo na nyuzi, wakapanda ngazi moja kwa moja hadi chumbani kwa bibi yako. Mkubwa wao alikuwa na karatasi mkononi. Akaliangalia lile rundo la mifarishi yake ya kulalia juu ya kasha, lile linalofika dirishani, akasema, "Ndiyo hii."

Mwenzake akatoa kisu akauchana ule wa juu. Ndani pakatokea nguo nyingine. Akachana, chini yake nyingine. Akafurahi kama aliyeokota pesa. "Njoni muone ujanja wa hawa watu! Duka zima wamelishonea ndani ya godoro!"

Ba akasema, "Hii nguo ya mama yangu. Yeye kufa zamani." Hakuna aliyemsikiliza. Walibeba yote kumi na minne: kumi na mitatu yenu, na ule mmoja wangu ambao Ba alikuwa akinitunzia kwa sababu chumba chetu cha uani kinavuja.

Sasa Ba analala juu ya kamba tupu za kitanda. Nimempelekea shuka langu, amelikunja vizuri akanirudishia. Madukani hakuna kitambaa hata cha kufutia meza.

Watu hapa chini wanaizungumza sana ile karatasi. Sijui nikueleze nini kuhusu hilo. Baba yangu anawasalimu. Mwambie mama yako asilie sana.

Ni mimi,
Benedikta

*

S.L.P. 611,
Mwanza.
16 Aprili, 1983

Bene wangu,

Umeniambia mama asilie sana. Mama analia, mama mdogo analia, mtoto mchanga analia (ni msichana, mweusi wa nywele, mzuri), na baba mdogo anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani akisema hatuondoki hapa. "Mkionekana stesheni na jina la Hasmukh aliyekamatwa, kesho na duka langu limefungwa." Kwa hiyo sisi tumefungwa Mwanza na baba amefungwa Dar, na Ba yuko na wewe tu. Wewe ambaye ukitumwa chumvi kwa jirani unasubiri mpaka jirani atoke mwenyewe!

Niambie waliouchana ni upi. Kama ni ule wa buluu wenye ukingo mwekundu, basi wameichana sari ambayo mama yake Ba aliolewa nayo huko Jamnagar, India. Ba alipanda meli kuja kuolewa huku akiwa na miaka kumi na sita, na kitu pekee alichokataa kukiweka chini melini pamoja na mizigo ni huo. Aliulalia siku kumi na mbili. Wa pili ameshonea sari za dada yake aliyekufa kwa homa. Wa tatu una mashati ya babu. Bene, ile si mifarishi. Sisi hatuna makaburi, wafu wetu tunawachoma. Ba akitaka kumtembelea mtu, anautoa mfarishi wake rundoni anaukalia.

Unakumbuka tulivyokuwa tukilala chini ya ule wa kijani tukiwa darasa la tano, tunahesabu viraka kwa kunong'ona, na Ba anatugonga nyayo kwa rula? "Lala! Viraka haikimbii!"

Tafuta walikoipeleka. Nakuomba.

Na hiyo karatasi. Nani aliiandika? Mimi nimewaza mchana kutwa. Mgeni akiona mfarishi anaona mfarishi. Aliyeandika karatasi hiyo alijua ndani mna nini. Ni mtu aliyewahi kuketi sakafuni kwetu na kula kwetu. Nikimjua nitamwandikia barua moja tu, na haitakuwa na salamu.

Wako,
Nayna

*

Mtaa wa Mkunguni,
Kariakoo.
24 Aprili, 1983

Mpendwa Nayna,

Barua yako imefika Alhamisi. Nimeisoma mara moja tu, sikuweza mara ya pili.

Nimeipata mifarishi. Iko kwenye ghala upande wa Gerezani, pamoja na mabati, redio, magunia na katoni za vitu ambavyo sikujua kama bado vipo nchini. Mlango ukifunguliwa inaonekana, imetupwa juu ya matairi. Waliouchana ni ule wa buluu. Samahani. Umening'inia na lile pindo jekundu linagusa chini.

Nilikwenda Jumatatu, kabla barua yako haijafika, nikasimama mlangoni. Karani anaitwa Bwana Awadhi, mtu mwembamba mwenye kikohozi. Nilikuwa nimejiandalia maneno njia nzima. Aliponitazama tu, nikageuka. Nikarudi nyumbani. Jumanne vilevile. Jumatano nikaandika swali langu kwenye karatasi nikampa. Akacheka mpaka akakohoa. "Kwani wewe bubu?" Nikatikisa kichwa. "Basi ni mpelelezi!" Lakini alinijibu. Amesema tarehe 19 Mei, siku ya Alhamisi, watakuja akina mama wa kikundi cha ushonaji kufumua hivyo vitambaa vyote, vifuliwe, vipelekwe vinakohitajika. Nikaandika: *Si vitambaa, ni mifarishi.* Akanionyesha kitabu chake. Akasema, "Hapa kuna vitambaa kwa yadi. Mifarishi haimo. Kisichokuwa kitabuni hakimo ghalani."

Ba hali vizuri. Anakunywa chai, anaacha mkate. Mchana anakaa juu ya kasha tupu, pale rundo lilipokuwa, na mikono yake inatembea yenyewe kama inashona bandi, sindano haipo. Ameniita binti kwa lugha yenu, akasema, "Dikri, mimi iko stesheni." Sikumwelewa. Baadaye nikaelewa: analala kama mtu anayesubiri treni, hana cha kutandika wala kujifunika.

Sijakuambia kamwe kuhusu mfarishi wangu, nadhani ulidhani Ba alinipa tu. Mama yangu alipofariki, ndugu zake walikuja kutoka Masasi kugawana nguo zake kama ilivyo desturi yetu. Nzuri zote zilikwenda. Zilibaki kanga tano zilizochakaa, shangazi akasema zinafaa kudekia, akazitia kwenye ndoo. Nilikuwa na miaka tisa na sikusema kitu. Ba akashuka ngazi, yeye ambaye hashuki, akaingiza mkono ndani ya ndoo mbele ya wageni wote, akazitoa moja moja akazikamua. Akaziunga, akaongeza sari zake mbili kuukuu, zikawa tabaka saba. Hakunipa pole. Alinipa sindano. Ule upande wa miguuni ambao bandi zake zimepinda ni wangu mimi.

Kwa hiyo najua unachomaanisha unaposema si mifarishi.

Baba ameniambia nisiende ghalani tena. Ana sababu zake.

Benedikta

*

Mwanza.
1 Mei, 1983

Bene,

Leo sikukuu, ngoma zinapita barabarani na mimi naandika haraka kwa sababu kuna mtu anasafiri jioni.

Wakili wa pale Posta amemwandikia mama. Anasema baba anatuhumiwa kuficha yadi mia moja tisini na sita za vitambaa. Mia moja tisini na sita! Bene, sisi tunauza vifungo! Baba akitaka suruali anakopa kitambaa kwa watu. Mama alipoisoma hiyo namba alicheka kama kichaa, halafu akakaa chini.

Wakili anasema namba hiyo imetoka kwenye orodha ya balozi wa nyumba kumi, na kesi yote imesimama juu yake. Kama aliyeiandika atajitokeza aeleze alihesabu nini, basi kesi haina kitu. Asipojitokeza, baba anaweza kukaa ndani miaka, na mifarishi itakwenda kama ulivyosema.

Sasa sikiliza. Balozi ni Mzee Uwesu, na Mzee Uwesu haoni vizuri, wewe unajua, anashika gazeti kichwa chini miguu juu. Hakuandika yeye. Kuna aliyemwandikia. Nenda ukamuulize ni nani. Najua hupendi kusema na watu wazima. Shika ukuta, fumba macho, sema tu: Shikamoo Mzee, nani aliandika? Basi. Maneno manne.

Nimekuita rafiki miaka kumi. Leo nakuomba kama dada.

Nayna

*

Mtaa wa Mkunguni,
Kariakoo.
6 Mei, 1983

Nayna,

Sina haja ya kumuuliza Mzee Uwesu. Ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo na kuichana mara nyingi tangu Aprili. Leo nimeiandika na kalamu ya wino ili isifutike.

Ilikuwa wiki moja baada ya ninyi kuondoka. Mzee Uwesu aliniita akasema, "Binti Benjamini, wewe umemaliza kidato cha nne, una mwandiko wa serikali. Njoo unisaidie." Alitaka orodha ya vitu vya kila nyumba katika kumi zake, apeleke mapema ili ionekane kwamba kwake hakuna mficho. Nilifurahi. Tangu nimalize shule hakuna mtu aliyeniambia ninafaa kitu.

Karatasi ilikuwa na safu: unga, sukari, mafuta, sabuni, na mwisho *Vitambaa (yadi)*. Hapakuwa na safu ya matandiko. Nilipofika kwenu, baba yako alinikaribisha chai akasema, "Andika vyote, Benedikta, sisi hatuna cha kuficha." Nikaandika. Halafu nikaliona rundo. Nikajiuliza mifarishi niiweke wapi. Ningeweza kutoka nje nikamuuliza Mzee Uwesu, alikuwa amekaa barazani hatua kumi tu. Niliona haya. Niliona atasema, hata hilo hujui na umesoma? Nikaamua mwenyewe.

Nikahesabu. Kila mfarishi una tabaka saba. Kila tabaka, ukipima, ni yadi mbili. Kumi na nne kwa mfarishi mmoja, mara mifarishi kumi na minne. Nilihakikisha hesabu mara mbili pembeni kwa penseli, nikaandika kwenye safu: 196. Niliona nimefanya kazi nzuri. Mtu mwingine angeandika magodoro, au asingeandika kitu. Ni mimi tu, katika mtaa mzima, niliyejua ndani mna nini. Ba alinifundisha.

Siku ile mkaguzi alipoisoma namba hiyo kwa sauti, nilikuwa nimesimama karibu na mlango nimeshika glasi ya maji ya Ba. Ningesema hapo hapo ingekwisha. Sikusema. Usiku baba aliniuliza kwa nini silali, nikamweleza. Akasema, "Ukijitaja, watasema ulitumwa na Mhindi uje umsafishe, au watasema uliidanganya serikali. Kwa vyovyote unaingia ndani. Nimemzika mama yako. Sitaki kukuzika wewe ukiwa hai. Nyamaza." Nikanyamaza. Si kosa lake, nilikuwa nimeanza kunyamaza kabla hajaniambia.

Kila siku nampikia Ba uji na ananiambia, "Mungu akupe maisha." 

Kesho nawaandikia wale wa ghalani. Kuandika naweza. Sikuombi kitu.

Benedikta

*

Mtaa wa Mkunguni,
Kariakoo.
7 Mei, 1983

Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Mali Zilizokamatwa,
Ghalani.

YAH: MIFARISHI KUMI NA MINNE YA NDUGU HASMUKH

Ndugu, kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, mhitimu wa kidato cha nne. Naomba kukiri kwamba ile namba ya yadi 196 za vitambaa iliyokutwa katika orodha ya balozi wetu niliiandika mimi, wala sikutumwa na mtu. Balozi hakuiona kwa sababu ya macho yake. Ndugu Hasmukh hakuiona kwa sababu sikumwonyesha.

Mfarishi ni nguo kuukuu zilizopangwa moja juu ya nyingine na kushonwa kwa mkono kwa bandi ndogo ndogo, ili utandikwe kitandani au mtu ajifunike. Nguo zinazotumika ni zile zisizovalika tena. Wanaoshona ni wanawake, na kwa kawaida nguo huwa ni za watu wa familia, wengi wao marehemu. Mmoja unaweza kumchukua mshonaji miezi mitano. Haiuzwi. Sijawahi kusikia umeuzwa.

Nilihesabu nguo za ndani kama vitambaa kwa sababu sikupata safu nyingine. Hesabu yenyewe ni sahihi lakini nilichokihesabu si sahihi.

Naomba mfarishi wowote usifumuliwe tarehe 19. Ukishafumuliwa, hata kama mtajua baadaye kwamba nasema kweli, hamtaweza kuurudisha.

Kama kuna adhabu kwa aliyeandika, jina langu na nyumba ninayokaa nimeviandika nyuma ya barua hii.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Benedikta Benjamini

*

Mwanza.
13 Mei, 1983

Baba amekonda. Wakili amemwona. Anasema aliuliza mambo mawili: Ba amekula, na nani anamsaidia. Wakili akamwambia ni wewe. Baba akasema, basi sina wasiwasi.

Nimeiweka barua yako chini ya godoro na kila nikilala naisikia inakwaruza. Sijamwonyesha mama. Sijui namficha yeye au nakuficha wewe.

Ulikuwa umeshika glasi ya maji. Hicho ndicho kinachonikaba. Si hesabu. Hesabu hata mimi ningekosea, mimi niliyepata sufuri ya jiometri na wewe ukanipa majibu. Lakini ulisimama na glasi, na baba yangu akakupa wewe funguo.

Kwako ni mfarishi mmoja. Kwetu ni kumi na mitatu, na mtu.

Usiniandikie tena mpaka uwe na habari.

N.

*

Mtaa wa Mkunguni,
Kariakoo.
21 Mei, 1983

Nayna,

Nina habari. Baba yako anaachiwa Jumatatu. Wakili amethibitisha, naye atawapigia simu kama laini itakubali, lakini naandika hata hivyo. Mifarishi kumi na mitatu iko juu kwa Ba.

Barua yako niliipata Jumatano asubuhi, siku ile ile niliyoitwa ghalani. Nilikwenda nayo mfukoni.

Mwenyekiti ni mwanamke, anaitwa Mama Elieshi. Ana miwani iliyofungwa kwa uzi, na anapoongea anakata maneno kama anakata mboga. Wajumbe wengine watatu walikaa kwenye magunia. 

"Wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Barua nimeisoma. Lakini kamati haiachii mali kwa barua. Hapa kila siku naletewa barua, nyingine zina machozi hadi kwenye bahasha. Sema kwa mdomo."

Sikusema.

"Umemeza kufuli?" Wajumbe wakacheka. "Binti, nina mabati ya kuhesabu. Sema au nenda."

Nikasema, "Shikamoo." Na nilikuwa nimeshamwamkia mlangoni! Wakacheka zaidi, Bwana Awadhi akakohoa mpaka akashika ukuta. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na mengine yakafuata nyuma yake. Nilisema yote. Nilisema hata la glasi ya maji, ambalo hawakuniuliza.

Mama Elieshi akavua miwani. "Mimi ni mshonaji," akasema. "Naweza kukuamini. Lakini hawa hapa si washonaji, na wakubwa wao si washonaji. Nikiandika kwamba ndani ni matambara, wataniuliza nilionaje. Kwa hiyo tutafumua mmoja wote, tabaka kwa tabaka, mbele ya mashahidi. Tukikuta jora jipya hata moja, yote inakwenda na Hasmukh anabaki alipo. Tukikuta matambara, nitaandika mimi mwenyewe." Akauvuta ule wa buluu. "Huu tayari umechanwa. Tumalizie huu."

Ilikuwa rahisi, Nayna. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu, kitu ninachokijua kuliko vyote.

Nikasema, "Huo si wangu kuutoa. Wangu ni ule pale chini, wenye viraka vya njano."

Walinipa wembe. Mama Elieshi akashika upande mmoja, mimi upande wa pili. Unajua bandi za Ba zilivyo, kama punje za mchele zimelala mstari. Haukufumuka upesi. Tulianza saa tatu, ikafika adhana ya adhuhuri bado tuko tabaka la nne. Sari ya kwanza ilitoka nyembamba mpaka niliona vidole vyangu upande wa pili. Mama Elieshi akaiinua kwenye mwanga, akawaambia wale wajumbe, "Jora jipya hilo. Hata kuchujia tui haifai." Mmoja akasema basi, tumeona, inatosha. Yeye akasema, "Hapana. Nimesema wote."

Kisha zikaja kanga za mama. Moja ina tundu la pasi. Moja maneno yake yamefutika kabisa, na kwenye pembe yake pana mikunjo, kama nyota, pale alipokuwa akifunga fundo la pesa ya sokoni. Miaka minane imelala katikati ya tabaka na mikunjo haijanyooka. Sikuwahi kujua ipo pale. Kama nisingefumua nisingeiona, na nikishafumua ndiyo mara ya mwisho.

Ule upande wa miguuni, wa bandi zilizopinda, Mama Elieshi aliuliza, "Hapa alishona nani, amelewa?" Nikasema ni mimi, nilikuwa na miaka tisa. Akaacha kuuliza.

Akaandika cheti papo hapo: mifarishi itoke, vitambaa vibaki. Akatia sahihi, akaenda kwenye mabati yake. Baba yangu alikuwa amefika na mkokoteni aliouazima bandarini. Sikumwita. Alisimama jua kali tangu asubuhi ng'ambo ya barabara, akisubiri aone kama nitatoka. Tukapakia kumi na mitatu. Nikarudi ndani kuchukua zile nguo zangu.

Bwana Awadhi akaweka mkono juu ya nguo hizo. "Hizi zinabaki."

"Ni za mfarishi wangu."

"Mfarishi uko wapi?"

Nikatazama. Palikuwa na nguo saba zilizopangwa sakafuni.

"Cheti kinasema mifarishi itoke, vitambaa vibaki," akasema. Hakuwa anadhihaki, Nayna. Kitabu alikikumbatia kifuani. "Hivi ni vitambaa. Mwezi uliopita mwenzangu alipungukiwa yadi sita kwenye kitabu, mpaka leo mkewe anapeleka chakula mahabusu. Mimi nina watoto."

Nikamwomba moja tu, ile yenye mikunjo. Akasema, "Nikitoa moja hesabu haikai." Ningeweza kumkimbilia Mama Elieshi. Nilimwona kule mwisho wa ghala amezungukwa na watu. Kisha nikamtazama huyu na kikohozi chake, nikamwona akichukuliwa siku nyingine na viatu akivifunga taratibu. Sikwenda.

Akanisogezea kitabu. "Andika wewe, una mwandiko mzuri, mkono wangu haufai leo." Nikaandika tarehe. Kwenye safu ya maelezo nikaandika *vitambaa chakavu*. Kwenye safu ya yadi nikaandika 14. Nikatia sahihi.

Ba aliipokea mifarishi mlangoni. Aliipitishia kiganja mmoja mmoja, akafika wa kumi na tatu, akanitazama. Nikamwambia nilichofanya, na nilichoandika mwezi wa tatu, vyote kwa pamoja, kwa sauti. Akaketi. Hakuniita dikri, hakunifukuza. Akauvuta ule wa buluu mapajani, akatafuta mahali kisu kilipoanzia, akaanza kushona, na nilipokuja na uji jioni alikula bila kuinua kichwa. Usiku alilala. Nilisikia pumzi zake kutoka ngazini.

Sijui zile kanga ziko wapi leo. Bwana Awadhi alisema labda hospitali, labda kambi ya vijana, hana hakika.

Mkifika, panda moja kwa moja juu kwa Ba, halafu nenda kwa baba yako. Usipite kwanza chumbani kwangu. Bado sijui nikikuona nitaweka wapi mikono.

Benedikta